UZI: Kabla fundi hajachomoa betri, mwambie asome kwanza gari limejifunza nini

Fundi wa Barani (mwenye uzi)

Assalaam aleikum, na habari za saa hizi kwa wote.

Kuna jambo linanikera kwa muda sasa na nimeona leo niliweke hapa tulijadili. Gari linaingia gereji likitetemeka, au linakula mafuta kupita kiasi, au taa ya injini imewaka. Fundi anashika spana namba 10, analegeza terminali ya betri, anakwenda zake kunywa chai. Akirudi anaikaza, taa imezimika, gari linaunguruma vizuri, mwenyewe analipa na kuondoka akishukuru. Haupiti muda gari lile lile limerudi na ugonjwa ule ule, na safari hii linauziwa plagi, kesho koili, keshokutwa sensa ya oksijeni.

Kulegeza betri hakukuponya kitu. Kulifuta kumbukumbu ambayo kompyuta ya gari ilikuwa ikiiandika kidogo kidogo kwa wiki na miezi, na kumbukumbu ile ndiyo ilikuwa ikisema ugonjwa uko wapi. Ni sawa na kuchana cheti cha mgonjwa kabla daktari hajakisoma.

Wengi wetu tumesikia watu wakisema "gari hili limenizoea". Mtu akiazima gari la jirani analalamika kuwa halimtii, mwenyewe akilipanda linatulia. Upo ukweli ndani ya maneno hayo, ila kompyuta inamjua dereva kwa sehemu ndogo tu. Kazi yake kubwa ni kulijua gari lenyewe: limechakaa wapi, hewa inapitaje, petroli iliyotiwa ni ya namna gani. Tukilielewa hilo, hatutamruhusu mtu aifute kabla ya kuisoma.

Nianze na mafuta, maana hapo ndipo penye faida kubwa kwa mwenye gari.

Petroli ili iungue sawasawa inataka takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Kompyuta inapima hewa inayoingia, inapiga hesabu, kisha inafungua injekta kwa milisekunde chache. Hesabu hiyo iliandikwa kiwandani kwa ajili ya injini mpya. Injini zetu zimetembea Japani miaka kadhaa, zikavuka bahari, zikashushwa Mombasa, na sasa zinavuta vumbi la njia za Marafa na Kakuyuni na hewa ya chumvi ya bahari. Injekta imeziba kidogo, pampu imechoka kidogo, sensa ya hewa imepata ukungu wa vumbi. Hesabu ya kiwandani haitoshi tena.

Kwa hiyo kuna sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Ikikuta oksijeni nyingi imebaki, maana yake mafuta yalikuwa machache. Ikikosa oksijeni, mafuta yalizidi. Kompyuta inaongeza au kupunguza palepale, mara kadhaa kwa sekunde, bila wewe kuhisi chochote. Hayo ni marekebisho ya papo hapo. Ikiwa kila ukiendesha inalazimika kuongeza, tuseme, asilimia 6, basi inaiandika ile 6 kwenye kumbukumbu, na safari inayofuata inaanzia hapo badala ya sifuri. Hayo ni marekebisho ya muda mrefu. Sensa ya oksijeni haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi, kwa hiyo dakika ya kwanza asubuhi injini inaishi kwa yale yaliyoandikwa. Ndiyo sababu gari lililofutwa kumbukumbu wakati mwingine linawaka kwa tabu asubuhi ya kwanza.

Namba hizi zote mbili unaweza kuziona mwenyewe. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, magari mengi yana soketi ya pini 16. Marekani iliilazimisha kwa magari yote madogo kuanzia matoleo ya 1996, na Japani nao wakafuata kwa sheria yao. Unanunua kifaa kidogo cha Bluetooth, unakichomeka, unafungua programu kwenye simu. Marekebisho ya papo hapo yameandikwa STFT, ya muda mrefu LTFT. Jumlisha hizo mbili. Jumla ikiwa kati ya kasoro 10 na kujumlisha 10, lala usingizi. Ikipita hapo, gari linakwambia kitu hata kama taa haijawaka. Taa yenyewe huja baadaye, marekebisho yakiwa yamepita 20 na kuendelea kutegemea kampuni, na msimbo wake maarufu ni P0171 mafuta yakipungua, P0172 yakizidi.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo pesa inapookolewa. Msiisome namba mara moja tu. Isome gari limesimama linanguruma lenyewe, kisha kanyaga mpaka injini ifike mizunguko 2,500 kwa dakika, ishikilie pale, uisome namba tena. Kisha isome ukiwa barabarani umelemewa na mzigo, mwenzako akishika simu.

Ikiwa ni kubwa gari likisimama, mfano 20, halafu ukikanyaga inashuka hadi 4 au 5, kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), bomba la vakyumu lililochomoka. Injini ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani.

Ikiwa ni kinyume chake, gari likisimama ni 3 lakini ukiwa umepakia unapanda inafika 18, angalia sensa ya hewa iliyochafuka, au filta ya mafuta, au pampu inayoishiwa nguvu. Ikiwa ni kubwa kila mahali kwa kiasi kile kile, nenda kwenye mafuta yenyewe na presha yake. Na ikiwa ni kasoro, kasoro 15 na kuendelea, kuna petroli ya ziada inaingia: injekta inavuja, au vali ya mvuke wa tanki imekwama wazi.

Ukichomoa betri, kwenye magari mengi ya zamani yote haya yanakuwa sifuri. Fundi atakayefuata anaanza kubahatisha, na anabahatisha kwa pesa yako.

Dereva wa Teksi

Waaleikum salaam fundi wetu. Shukran kwa somo. Mimi na kijana mmoja tunaendesha gari moja la otomatiki, yeye usiku mimi mchana. Yeye analiegesha kwao Maweni, mimi nalichukua alfajiri. Wallahi kila asubuhi nalikuta limekuwa gari jingine. Gia inachelewa kubadilika, injini inalia tu. Nikifika karibu na uwanja wa ndege linarudi kuwa langu. Kijana huyu anakanyaga sana, namjua. Si tabia yake hiyo imebaki ndani?

Fundi wa Barani

Kaka, swali zuri, na nitakujibu pande mbili.

Kwanza, zipo gia boksi zinazomsoma dereva kweli. Porsche walipoleta Tiptronic mwanzoni mwa miaka ya 1990, kompyuta yake ilikuwa na ramani 5 za kubadilisha gia, ikichagua kwa kuangalia unavyokanyaga. Mitsubishi nao wakaja na INVECS miaka hiyo hiyo, na toleo lao la pili walilitangaza wazi kwamba linajifunza tabia ya dereva. Toyota wana mfumo wa aina hiyo kwenye baadhi ya magari yao. Kinachoangaliwa ni kasi ya mguu: je, unakanyaga ghafla au polepole? Unafunga breki ghafla? Unaingia konani kwa kasi? Ukiwa mtu wa haraka, inashikilia gia ndogo kwa muda zaidi. Ukiwa mpole, inapandisha gia mapema. Lakini hukumu hiyo kwa kawaida ni ya muda mfupi. Dereva akibadilika, ndani ya safari ile ile kompyuta inabadilika naye. Haiweki kinyongo cha jana usiku.

Pili, wewe unalichukua alfajiri likiwa baridi. Mafuta ya gia yakiwa baridi ni mazito, na gia boksi nyingi zimepangwa zichelewe kupandisha gia na zisifunge konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi) mpaka mafuta yapate joto. Hilo pia husaidia injini ipate moto haraka. Ndicho unachokihisi. Fanya hivi: siku moja mwambie kijana akupe gari mkononi, mchana, likiwa moto na yeye ametoka kulikimbiza. Ukilikuta sawa, kijana hana hatia. Ukilikuta bado linachelewa gia hata likiwa moto, nitafute, pengine mafuta ya gia yamekwisha umri.

Kuna jambo la gia boksi ambalo kompyuta hulishika kwa muda mrefu, nalo ni uchakavu. Ndani mna sahani za klachi zinazobanwa na mafuta kwa presha. Zikilika, inabidi pistoni isafiri zaidi kabla ya kuzibana, na kompyuta inapima kila badiliko la gia lilichukua muda gani, kisha inaongeza presha au muda wa kujaza kidogo kidogo. Mwenye gari hajui kuwa klachi zimelika nusu kwa sababu kompyuta inamfichia. Ukifuta kumbukumbu hiyo gari linaanza kupiga mateke kila gia, na mtu anaambiwa gia boksi imekufa, anunue nyingine Mombasa. Mara nyingi likiendeshwa kwa upole kwenye barabara tulivu, ukipandisha na kushusha gia zote, linajifunza upya na kutulia.

Spana Kumi

Fundi mwenzangu, kwa heshima zote, umetupiga sana mafundi wa mtaani. Mteja anakuja na shilingi mia tano na mtoto mgonjwa nyumbani. Hana ya kulipia mashine. Unamwambiaje? Halafu kuna kazi ambazo lazima kumbukumbu ifutwe. Nikisafisha throto, ule mlango wa hewa ya injini, nisipofuta, gari linapanda mizunguko lenyewe.

Na nikuongezee moja. Habari yako ya hewa ya wizi ni ya gari lenye sensa ya MAF, ile inayokaa baada ya filta ya hewa na kupima hewa inayopita. Kuna magari mengi madogo hapa hayana hiyo, yana MAP, inayopima presha ndani ya manifoldi. Kwenye hayo, mpira ukipasuka presha inapanda, kompyuta inadhani umekanyaga, inatia mafuta. Marekebisho yanakaa kawaida kabisa, ila mizunguko inakuwa juu gari likisimama. Mtu akifuata somo lako bila kujua gari lake lina sensa gani atasema injini haina tatizo.

Fundi wa Barani

Hilo la MAP ni muhimu sana na nashukuru umeliweka wazi. Wote mnaosoma, angalieni kwanza: ikiwa kwenye bomba la hewa baada ya filta kuna sensa yenye soketi ya waya 4 au 5, hiyo ni MAF. Ikiwa hapo hamna kitu, fuata maneno ya Spana Kumi.

Kuhusu mteja wa mia tano, nakuelewa, nami nawapata hao hao kila siku. Lakini kifaa cha Bluetooth fundi anakinunua mara moja kikatumika miaka. Kusoma namba kabla ya kulegeza betri ni kazi ya dakika 3, na kuiandika kwenye karatasi haigharimu kitu. Simkatazi mtu kufuta. Nasema asome kwanza, atengeneze, ndipo afute.

Na kuna hili: kwenye magari ya zamani kumbukumbu ilihifadhiwa kwa umeme wa betri, ukichomoa inapotea. Magari mengi ya karibuni yanaiandika kwenye chipu isiyohitaji umeme. Unachomoa betri, unasubiri, na marekebisho yako pale pale. Umepoteza tu saa, madirisha ya kubonyeza mara moja, na redio. Redio za Kijapani ndizo zinazoumiza watu, nyingi zikikatiwa umeme zinadai nywila au kadi ya ramani ambayo ilibaki Japani, na mteja anarudi kukulaumu wewe.

Mama Keki Watamu

Habari za jioni. Mimi si mtu wa magari ila nimesoma yote. Nilipeleka gari langu dogo kusafishwa hiyo throto anayoitaja kaka Spana. Tangu siku hiyo nikifika kwenye matuta ya Gede nikiacha kukanyaga, gari linavuta lenyewe, mizunguko iko elfu moja na mia nane. Nabeba keki za harusi nyuma jamani. Fundi amesema nilizoee tu, na lenyewe litanizoea. Ni kweli?

Fundi wa Barani

Dada, usilizoee. Linatengenezeka, na pengine bila kununua kitu.

Throto ni mlango wa hewa ya injini. Ukingoni mwake hujenga masizi mwaka baada ya mwaka, na hewa inayopita mlango ukiwa umefungwa inapungua. Kompyuta ikaona injini inataka kuzimika, ikajifunza kuufungua mlango zaidi kidogo. Mwaka uliofuata ikaufungua zaidi. Sasa masizi yametolewa kwa siku moja, lakini kompyuta bado inaufungua mlango kwa kiasi cha masizi ya jana. Hewa inazidi, mizunguko inapanda.

Magari mengi yakiachwa yanajirudi yenyewe baada ya kuendeshwa kwa muda. Mengine yanataka utaratibu maalumu. Nissan wana utaratibu wao rasmi wa kuifundisha injini upya kiasi cha hewa, na una masharti: injini iwe na joto la kawaida la kazi, betri iwe na volti 12.9 au zaidi, kiyoyozi na taa zimezimwa, usukani umenyooka, gia iko P au N. Sharti moja likikosekana kompyuta inakataa, na watu wengi wanakwama kwenye betri dhaifu bila kujua. Fundi mwenye mashine anaufanya kwa kubonyeza. Upo pia wa kufanya kwa ufunguo na pedali kwa kuhesabu sekunde, lakini ule unataka saa mkononi na utulivu.

Kabla ya hapo mwambie akague gasketi ya throto. Ikiwa iliwekwa vibaya, hewa ya wizi inaleta dalili hiyo hiyo na hakuna mafunzo yatakayosaidia.

Spana Kumi

Naongezea kwa dada: mwambie aangalie pia terminali za betri. Huku kwetu pwani zinaota ukungu wa kijani upesi, na waya wa ardhi unaoliwa na chumvi unaipotosha kompyuta katika kila sensa. Maji ya moto na brashi, kisha grisi. Kazi ndogo inayosahaulika.

Mokowe Lamu

Salaam kutoka ng'ambo ya Lamu. Kisiwani kwetu punda ndiye otomatiki, ila huku Mokowe na Hindi magari ni mengi tangu barabara ya Garsen iwekwe lami. Swali langu: sisi wakati mwingine tunatia petroli ya madumu, hujui imechanganywa na nini. Kompyuta inajua?

Fundi wa Barani

Inajua, kwa njia ya sikio. Kwenye bloku ya injini kuna sensa ya kugonga, inasikiliza mtikisiko. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, uwezo wake wa kustahimili mgandamizo unashuka, inajilipukia kabla ya wakati, na injini inagonga. Kompyuta ikisikia hivyo inachelewesha moto wa plagi ili kuiokoa pistoni. Ikiendelea kusikia, inaandika kwenye kumbukumbu kwamba kwa gari hili moto uchelewe. Subaru wana namba mahsusi ya jambo hili kwenye kompyuta zao, na ikishuka unahisi gari limekuwa zito, turbo haina hamu.

Uchanganyaji huu ndio uliofanya serikali mwaka 2018 kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isimshawishi mfanyabiashara kuyachanganya na dizeli au petroli. Madumu ya njiani hayana mkaguzi, kwa hiyo tahadhari ni yako.

Ukishatia petroli nzuri kompyuta haiamini mara moja. Inarudisha moto mbele kidogo kidogo, ikisikiliza. Endesha tangi zima la mafuta safi kabla ya kusema gari limeharibika. Na usilikanyage kwa hasira siku ile ulipotia ya madumu, maana sensa inaokoa mpaka kiwango fulani tu.

Mnunuzi Mtulivu

Ndugu zangu, mwishoni mwa mwezi nakwenda kuangalia gari la mkononi. Liko Mombasa ila limekaa Nairobi miaka yote. Nimeambiwa gari la Nairobi likishuka pwani linahitaji kuzoea hewa. Kuna namna ya kutumia haya mliyoyaeleza kabla sijatoa pesa?

Fundi wa Barani

Ipo, na hapa ndipo mtu yeyote mwenye kifaa cha Bluetooth anaweza kujilinda.

Nianze na Nairobi. Mji ule uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na hapa. Lakini kompyuta haijifunzi hilo kwa miezi. Inalipima: ama ina sensa ya presha ya hewa ya nje, ama inaisoma kwenye manifoldi unapowasha ufunguo kabla injini haijazunguka, ama MAF inapima uzito wa hewa moja kwa moja. Gari lisilo na ugonjwa likishuka Mombasa litakuwa na nguvu zaidi ya Nairobi tangu siku ya kwanza. Muuzaji akikwambia linatetemeka kwa sababu halijazoea pwani, muulize ni kitu gani hasa kinachotetemeka.

Sasa ufutaji. Mtu akifuta kumbukumbu asubuhi kabla hujafika, taa itakuwa imezimika. Lakini kompyuta ina orodha ya majaribio inayojifanyia: sensa ya oksijeni, kichujio cha moshi, mvuke wa tanki na mengine. Baada ya kufutwa, majaribio hayo yanaonyesha kuwa hayajakamilika, na yanahitaji gari liendeshwe kwa hali mbalimbali ndipo yakamilike. Ukikuta karibu yote hayajakamilika kwenye gari ambalo muuzaji anasema analiendesha kila siku, kuna mtu amelifuta juzi. Magari mengi ya karibuni yanakuonyesha pia kilomita zilizotembewa tangu misimbo ifutwe. Ukisoma kilomita 4 hapo, muulize kwa upole ni nini kilichofutwa jana. Baadhi ya magari ya soko la Japani ya zamani hayatoi taarifa hizo kwa kifaa cha kawaida. Hapo tafuta fundi mwenye mashine kamili.

Usikubali kuonyeshwa gari likiwa tayari limewashwa na limepata moto. Shika boneti. Likiwa la moto, kunywa soda usubiri lipoe. Kisha liwashe mwenyewe, soma marekebisho ya muda mrefu, lizungushe mjini, lisome tena.

Dereva wa Teksi

Fundi, nimefanya ulivyosema. Kijana amenipa gari mchana likiwa moto. Sawa kabisa, gia zinapanda kwa wakati. Nimemwomba radhi. Ila nilipochomeka kile kifaa cha rafiki yangu nimekuta kitu. Gari likisimama LTFT ni 17, STFT inacheza kati ya 2 na 5. Nikishika 2,500, LTFT ni 6, STFT karibu sifuri. Taa haijawaka. Nimeangalia, MAF ipo.

Fundi wa Barani

Hapo umekamata kitu kabla hakijakuwa deni. Gari likisimama jumla yako ni 19 mpaka 22. Ukikanyaga inabaki 6. Hiyo ni hewa ya wizi, na kidogo kile kilichobaki kwenye 6 kinaweza kuwa vumbi kwenye MAF.

Anza na bomba kubwa la raba kutoka kwenye filta ya hewa hadi throto. Likunje kwa mkono kwenye mikunjo yake, nyufa hujificha hapo na hazionekani likiwa limetulia. Kisha bomba jembamba la vali ya kupumulia injini, lile linalotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda manifoldi. Raba yake hulainika kwa mafuta na kupasuka upande wa chini. Kisha bomba la vakyumu la breki. Ukisikia mlio mwembamba kama filimbi injini ikiwa imetulia, fuata mlio. Usinyunyize petroli kutafuta uvujaji, injini ya moto itakuchoma.

Ukilipata, badilisha bomba, usilifunge kwa gundi. MAF isafishe kwa dawa yake ya kunyunyiza, usiguse waya wake kwa kitambaa wala brashi. Usichomoe betri bado. Endesha siku mbili tatu, uisome tena. Ukiona LTFT inateremka yenyewe kutoka 17 kuja kwenye tarakimu moja, umetibu ugonjwa wenyewe. Isiposhuka, niletee namba mpya hapa hapa, na uandike pia zile za ukiwa umepakia abiria.

Spana Kumi

Bomba hilo jembamba ninalo la akiba, kaka. Pita gereji kesho baada ya adhuhuri, na uje na hicho kifaa nami nikione kinavyosoma.